Muuzaji wa Kishindo

Muuzaji wa amplifaya alikuwa na tabia ya kuyapiga makofi maboksi ya spika kama mtu anayenadi fahali, na sauti yake ilizishinda bidhaa zake zote. Siku hiyo aliingia dada mmoja na gitaa lake la kulaza, lenye pedali za miguu, ambalo noti yake huteleza na kufifia polepole. Alitaka amplifaya yenye sauti safi, kwani kesho yake angepiga kwenye harusi ya mdogo wake. Lakini kila alipotelezesha chuma juu ya nyuzi, yule bwana alikuwa anaongea.

"Umesikia, dada? Ukuta unatetemeka!"

"Nimesikia inakwaruza."

"Hiyo ndiyo ladha yenyewe!" Akaongeza sauti. Masikio yalikuwa pambo tu kichwani mwake.

"Na hiyo uliyoikalia?" dada akauliza.

Muuzaji akainuka shingo upande. Ilikuwa amplifaya kuukuu, yenye nguvu za kutosha na spika moja pana. Dada akachomeka waya, akapiga. Noti ikapanda, ikateleza, ikakaa hewani bila doa, hata machozi yakamlengalenga. Muuzaji aliyaona machozi, noti hakuisikia.

"Unaona?" akasema, akijipangusa vumbi makalioni. "Nimeikalia asubuhi nzima, isije ikachukuliwa na mtu asiyejua muziki."