Inashughulikiwa Ndani

Pi. Mlio mmoja, mfupi, kama kifaranga aliyetoa sauti kisha akakumbuka kunyamaza. Ndivyo zinavyoamka kompyuta za mezani, zile kuukuu ambazo shule na zahanati za Msambweni bado hazijazitupa, na ndivyo Hafswa anavyoikumbuka miaka sita ya ndoa yake. Mumewe, Seifu, alikuwa akiiwasha mashine ya mteja kwenye chumba cha mbele kilichoelekea barabarani, naye akisikiliza nyuma ya pazia. Mlio mmoja ulimwambia kwamba chuma ni kizima. Mteja akianza kulalamikia kioo cheusi na maandishi meupe, basi kilichoharibika ni mfumo, na kabla Seifu hajaiingiza mashine ndani, Hafswa alikuwa ameshachomeka flashi kwenye kompyuta yake na kuanza kuiandaa.

Ufundi ulikuwa wake. Aliusomea Ukunda kabla ya kuolewa. Lakini mavyaa wake, Bi Mwanafatuma, hakupenda mkaza mwana akae dukani na wanaume, na Seifu hakupenda kugombana na mamake. Wakapatana hivi: yeye abaki mbele auze makava ya simu, apige fotokopi, azungumze na watu, mkewe atengeneze nyuma. Wateja walipouliza, Seifu hakusema uongo. Alisema, "Inashughulikiwa ndani." Watu wakaelewa walivyotaka kuelewa, na sifa za Fundi Seifu zikafika hadi Lunga Lunga.

Kisha Seifu akafariki, baada ya homa ya siku nne. Hafswa akakaa eda: miezi minne na siku kumi bila kutoka, bila wanja wala manukato, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu wake. Shemeji yake, Abdulbasit, aliacha kazi ya hoteli huko Galu akaja kushika duka. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye mkono mzuri wa kupanga vitu rafuni. Makava yakauzwa. Kompyuta zikarudi kwa wenyewe kama zilivyokuja.

Mwezi wa tatu familia ikaamua. Kama na kompyuta ya shule iliyoletwa wiki hiyo itamshinda Abdulbasit, Ijumaa baada ya swala chumba kitapewa mtu anayeleta vitenge kutoka Tanzania, na vifaa vya marehemu viuzwe. Kompyuta ya Hafswa ilihesabiwa humo, miongoni mwa vifaa vya marehemu. Bi Mwanafatuma alijua kazi ilikuwa ya nani. Aliona kuyasema hayo sasa ni kumvua mwanawe nguo kaburini, akanyamaza.

Hii ya shule ililetwa Jumatatu kwa bodaboda na Rispah, karani wa shule moja ya Munje, mzaliwa wa Kinango. Kuanzia siku hiyo Hafswa aliusikia mlio mara nyingi kuliko alivyotaka. Pi, kimya. Pi, kimya. Kwa maneno machache yaliyopenya pazia alielewa kosa. Abdulbasit alilishusha faili la mfumo mtandaoni, vizuri kabisa, halafu akalinakili kwenye flashi kama anavyopakia kaswida za kusikiliza garini. Lakini mashine isiyo na mfumo haijui kufungua faili. Lazima faili lile liandikwe upya ndani ya flashi kwa programu yake, mpaka flashi yenyewe iweze kuiamsha mashine. Hafswa alimtuma mavyaa wake akayaseme hayo. Bi Mwanafatuma alikwenda, akarudi. "Amesema ameshatia kila kitu," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi Rispah alirudi kuiulizia mashine. Alipoambiwa bado, alimwomba Abdulbasit ile flashi, akasema anaingia ndani kumpa mfiwa pole. Yeye ni mwanamke; hakuna aliyemzuia.

Alitoa makiwa yake kwa utaratibu, akaketi mkekani, akafungua kiganja chenye flashi. Alimwambia Hafswa kwamba mwaka jana alileta mashine siku ya Ijumaa, Seifu akaenda msikitini, naye akabaki mlangoni akingoja.

"Nikasikia vitufe vinabonyezwa huku ndani, ta-ta-ta, na hotuba inaendelea kule. Nikasema, ama Fundi Seifu amegawanyika mara mbili, ama amefuga jini."

Hafswa alicheka, akauziba mdomo kwa mtandio. Halafu akamtazama mavyaa wake. Bi Mwanafatuma hakuinua macho kwenye ungo.

Hafswa aliivuta kompyuta yake kutoka chini ya kitanda. Programu ilimwonya kwamba vyote vilivyomo kwenye flashi vitafutika. Akaitazama kwanza: kaswida arobaini, na picha za Abdulbasit akiwa na sare ya hoteli. Akazihifadhi pembeni zote, hakuacha hata moja, na faili la mfumo pia. Ndipo akalichagua faili, akaichagua flashi, akahakikisha mara ya pili kwamba ameichagua flashi na si diski yake mwenyewe, akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kujaa, polepole, huku wanawake watatu wakiutazama kama chungu kilicho jikoni.

Ulipojaa, Rispah aliirudisha mbele pamoja na maagizo: achomeke kwanza, ndipo awashe, na mara tu isikikapo ile pi abonyeze kitufe cha F12, asingoje.

Pi.

Kimya kilikuja, kikakaa. Kisha chini ya pazia sakafu ikageuka samawati kwa mwanga wa kioo kilichoamka.

Abdulbasit alimwambia mwenye bodaboda aliyekuwa mlangoni kwamba flashi ilikuwa na vumbi tu. Lakini dakika moja baadaye alisogea karibu na pazia, akaugeuza uso wake upande wa ukuta.

"Mama," alisema, "hebu niulizie kwa shemeji. Inataka nichague sehemu ya diski. Nabonyeza ipi?"

Bi Mwanafatuma aliuweka ungo chini. Alikung'uta pumba mapajani, akachukua muda wake.

"Muulize mwenyewe. Pazia si lipo?"

Akamuuliza. Hafswa akamjibu, hatua kwa hatua, na kila aliposema, kitufe kilisikika upande wa pili. Alasiri hiyo mwenye vitenge alipigiwa simu akaambiwa atafute chumba kwingine.

Mashine ilipokuwa tayari Rispah aliingia tena kuaga, akiwa na kitabu cha shule ambamo huandikwa kila kifaa kilichotengenezwa, na aliyekitengeneza. Kwenye kurasa za nyuma jina lilikuwa moja, Fundi Seifu, mara tisa. Alishika kalamu akauliza aandike nani sasa. Duka la marehemu? Mke wa Seifu?

Hafswa alikuwa akiuzungusha waya wa kompyuta yake mkononi. Aliumaliza, akaufunga.

"Andika Hafswa," alisema, kwa sauti ambayo haikufika kwenye pazia.