Wimbo Ulionilaza Nikiwa na Pepopunda

Mnaniona nimesimama hapa kanisani na mdomo unafunguka. Kuna wakati mdomo huu haukuruhusu hata kijiko cha uji kupita, na hiyo ndiyo habari niliyowaletea leo.

Mimi ni Mama Makena, mkulima wa viazi kule Kibirichia. Katika kwaya yetu ya kina mama, mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo. Mume wangu Mutwiri alisema naimba kama mtu anayeita ng'ombe. Tena nilikuwa mbishi. Nikiwa mjamzito sindano za kliniki za kukinga pepopunda nilizikwepa, na Makena nikamzaa nyumbani. Alikuwa na miezi minane mambo yalipoanza.

Tulikuwa tunachimba viazi, lori la kwenda soko la Gakoromone linangoja barabarani. Jino la jembe likatoboa buti la mpira likaingia mguuni. Nikafanya tulivyozoea shambani: nikachota udongo, nikaubandika kwenye kidonda mpaka damu ikakatika, nikaendelea kuchimba. Mutwiri akaniambia niende dispensari. "Kwa katundu haka?" nikamjibu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi hata hiyo tende ningeishukuru.

Siku ya tisa taya zikakaza. Nilidhani ni jino. Kesho yake shingo ikawa ngumu, mgongo ukapinda kwa nyuma, mkojo ukanitoka mbele ya mama mkwe. Wakanikimbiza hospitali.

"Ni pepopunda," daktari alimwambia Mutwiri. "Kelele, mwanga, kuguswa, chochote kinaweza kumshtua. Akishtuka sana, pumzi itakatika. Lazima apumzike."

Wakaziba dirisha kwa blanketi, wakanipitishia mpira puani wa kunilisha. Akili yangu ilikuwa timamu. Nilisikia kila kitu.

Kisha wenzangu wa kwaya wakaja. Kwetu mgonjwa haombewi kimyakimya. Walimpita mlinzi, wakazunguka kitanda, wakaanza wimbo niliokuwa naupenda kuliko zote, na makofi juu. Mwili ukaruka. Niliuma ulimi, damu ikajaa mdomoni, kifua kikafunga. Wao walidhani ni Roho ameshuka, wakaongeza sauti. Muuguzi, Sista Kawira, alikimbia akawatoa kwa mikono.

Baada ya hapo hata mlango ukigusa fremu nilipinda. Dawa za kutuliza hazikutosha. Siku tatu sikulala. Mutwiri alikuja na mtoto, nikamsikia Sista akimzuia mlangoni: "Baba Makena, huyu akilia ndani humu, utampoteza mama yake." Maziwa yalikuwa yamejaa yananiuma, na mwenye kuyanyonya anarudishwa nyumbani kwa sababu yangu. Nilijua nikifa, nitakufa bila kumsikia tena.

Mchana wa siku ya nne Sista aliingia na redio ndogo ya kaseti. Akaninong'oneza, "Mama, muuguzi aliyenifundisha kazi alikuwa wa Uskoti. Aliporudi kwao aliniachia hii. Ni mwanamke wa huko, anaimba nyimbo za wazee wao. Katika wimbo huu anabembeleza mtoto. Daktari amekubali tujaribu. Ukishtuka tu, nazima."

Niliogopa sana. Ningeweza kusema ningemkataza.

Sauti ikaja polepole, moja tu, bila ngoma wala makofi. Aliimba kama mtoto ameshasinzia na hataki kumwamsha. Sikuelewa hata neno moja. Nilingoja mwili uruke, haukuruka. Vidole vikaachia shuka. Nikalala mpaka jioni.

Ndugu zangu, mpaka leo nashangaa. Mwanamke wa mbali, hajui kama kuna Kibirichia, anamwimbia mtoto wake, na anayelala ni mimi. Nikimfikiria Mungu huwa naanzia hapo.

Kila mchana Sista aliiweka tena. Wiki zikapita, taya zikaanza kulegea. Siku moja akafungua mlango, Mutwiri akaingia na Makena. Nilikuwa nimekonda, mpira puani, mtoto hakunitambua. Akapiga yowe. Wote wakanitazama shingo. Mwili ulitulia. Mutwiri alitaka kumtoa haraka, nikasema kwa meno yaliyokaza nusu, "Mwache alie." Nikamsikiliza mpaka alipochoka.

Namshukuru Mungu, na Sista Kawira, na yule mwimbaji nisiyemjua. Kidonda kiosheni kwa maji na sabuni, udongo uacheni shambani, mwende mkachomwe sindano hata kama ni katundu. Na kina mama wenzangu, mkimtembelea mgonjwa, muulizeni muuguzi kabla hamjaimba.

Makena ni yule pale nyuma, amebeba mtoto wake mgongoni. Huyo mdogo akilia, tafadhali msimtoe nje.