Karatasi Juu ya Dungu

Mpunga unaokaribia kuiva una harufu yake, nusu majani mabichi, nusu wali ulioko jikoni, na asubuhi pale Ziba harufu hiyo ilichanganyika na ya tope linalokauka. Nilikuwa darasa la saba. Likizo ile ya mwezi wa sita nilipewa kazi ya kuamia ndege pamoja na bibi yangu, mama yake baba, juu ya dungu la miti lililosimama katikati ya shamba lake. Kutoka pale juu zilitandazwa kamba mbili zenye makopo, moja kushoto na moja kulia. Ndege wakitua unavuta, makopo yanapiga kelele, wanaruka. Ni kazi ya mtu mmoja. Tulikuwa wawili kwa sababu ya siri: mtoto wa jicho alikuwa amemfunika bibi macho yote mawili, na niliyejua ni mimi tu. Kundi kubwa alilisikia mwenyewe, lakini ndege wakija wachache wachache hakuwapata, kwa hiyo mimi niliangalia na yeye akavuta. Baba mkubwa, aliyeishi Tabora mjini, alikwisha kusema kwamba siku atakapohakikisha mama yake haoni, atamhamishia kwake. Bibi hakutaka kusikia habari za mjini. Alitaka kufia penye mpunga wake, na hilo alilisema kwa Kinyamwezi, lugha aliyoitumia akiwa hana mzaha.

Mchana nilikwenda kwenye masomo ya likizo. Mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana mgeni aliyependa misemo kuliko chakula, alitugawia karatasi ya misemo ya Waingereza kuhusu kutazama, akasema atakayeieleza yote siku ya Ijumaa ndiye atakayetuwakilisha kwenye mashindano ya wilaya. Niliitaka nafasi hiyo mpaka nikakosa usingizi. Lakini karatasi yenyewe ilinivuruga kichwa. Ilisema chungu kinachotazamwa hakichemki, yaani mwenye haraka huona kungoja kumerefuka; mimi chungu cha bibi nilikitazama kila siku na kilichemka vizuri tu. Ilisema jambo la kuchosha ni sawa na kutazama rangi ikikauka, nami nikajiuliza ni nani huko kwao aliyekaa chini akaitazama. Ilisema pia kumtazamia mtu mgongo wake ni kumkinga na hatari asiyoiona. Kwetu wanaoutazama mgongo wa mtu ni wale wanaomsengenya. Sisi tunasema mwenye macho haambiwi tazama, basi, yamekwisha. Wao wana karatasi nzima.

Alhamisi asubuhi nilipanda nayo dunguni. Mshika mbili moja humponyoka, nalijua hilo tangu nikiwa mdogo, ila nilijidanganya kwamba macho ninayo mawili. Nilisoma kimya, nikigeuza karatasi mbele na nyuma, na nilipoinua kichwa upande wote wa kulia ulikuwa umegeuka rangi kwa wingi wa ndege. Nilimwambia bibi, akavuta, lakini walikwisha kula wakashiba. Bahati mbaya haina hodi: adhuhuri ile ile baba mkubwa alifika kutusalimia. Nilimpa shikamoo, akaiitikia huku macho yake yako kwenye masuke matupu. Akauliza nani alikuwa akiamia. Nilikuwa nimeificha karatasi ndani ya sketi, nikingoja kutajwa.

"Ni mimi," bibi alisema. "Sioni, mwanangu. Siwezi tena."

Karatasi niliiacha humo humo ndani ya sketi. Kesho yake mwalimu aliniuliza maana ya kumtazamia mtu mgongo, nikaieleza bila kukwama hata kidogo, na wenzangu wakanipigia makofi. Jumamosi bibi alipandishwa basi la Tabora, na vyombo vyake vyote vilienea katika kiroba kimoja.

Sasa ninafundisha Kiingereza hapo hapo Tabora. Bibi yuko uani kwa baba mkubwa. Daktari alisema alicheleweshwa mno, na harufu inayomfikia siku hizi ni ya chipsi na moshi wa bodaboda. Mwezi uliopita, baada ya miaka yote hiyo, nilikaa chini karibu naye nikamwambia kwamba siku ile nilikuwa nasoma.

"Nilijua," alisema. "Nilisikia karatasi."

Nikamwuliza mbona hakuniita. Akanijibu kwamba mtoto anayesoma hakatizwi, kisha akaomba maji ya kunywa. Niliona aibu, nikaona na hasira pia, na hasira yenyewe sijui nilimwonea nani. Misemo ya karatasi ile naifundisha kila mwaka na hainisumbui tena. Linalonisumbua ni kwamba masikio yaliyosikia karatasi ikigeuzwa yalilisikia na kundi zima la ndege likitua, na kamba zote mbili zilikuwa mkononi mwake.