Trei ya Mayai ya Obadiah

Mwanamume mzima anatoka Voi na gari lake, kofia ya jua kichwani, miwani myeusi usoni, anafika uwanja wa shabaha na vifaa vyake vyote vya gobori vimerundikwa kwenye mfuko wa unga! Baruti humo, fataki humo, vitambaa, mafuta, gololi za risasi na mahamri ya chai humo humo. Sasa mtu kama huyo, Obadiah aliuliza kwa sauti ili mwenyewe asikie, amekuja kupiga shabaha au anahama nyumba?

Mwenyewe alikuwa Zubair, mwenye duka la mabati na saruji mjini Voi. Alicheka tu, akaendelea kupekua mfuko akitafuta fataki. Alizipata baada ya robo saa, zimejaa sukari ya mahamri.

"Piga sasa," Obadiah akamwambia. "Labda yule swara wa mbao pale atakufa kwa kisukari."

Ndivyo alivyokuwa na watu wote. Klabu ilikuwa kwenye ranchi moja kando ya barabara ya Taveta, ukishapita Mwatate, na ilikuwa na magobori mawili yenye leseni, zile bunduki za zamani zinazoshindiliwa kupitia mdomoni. Unamimina baruti, unafuatisha gololi iliyozungushiwa kitambaa, unasukuma mpaka chini kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu wa kushindilia, halafu unapachika fataki nyuma na ndipo unafyatua. Wageni waliokuja kutazama mahandaki ya vita vya Waingereza na Wajerumani walipenda kumalizia safari hapo, wapige risasi mbili tatu na kupigwa picha ndani ya moshi. Obadiah alikuwa msimamizi wa uwanja kwa miaka kumi na minne. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa bunduki wa askari wa wanyamapori, na hakuacha mtu asahau.

Kitu alichoringia kuliko vyote kilikuwa sanduku lake la mbao. Ndani yake mlikuwa na kipande cha trei ya mayai chenye vishimo kumi. Kila kishimo kilibeba mahitaji ya risasi moja: kikopo cha dawa chenye baruti iliyokwisha kupimwa, gololi, na kitambaa kilichopakwa mafuta. Fataki zilikaa peke yake upande wa kulia, kwenye kibati chenye kifuniko kigumu. Mdeki wake wa mti ulikuwa umechongwa pengo moja kwa kisu. Ukiusukuma ndani ya bunduki iliyoshindiliwa sawasawa, pengo linakaa sambamba na mdomo wa mtutu. Likibaki juu, basi mjinga fulani ameshindilia mara mbili, na bunduki hiyo ikifyatuliwa inaweza kumpasukia mtu usoni.

Kwa sanduku hilo Obadiah aliwapigisha shabaha wageni kumi kabla Zubair hajapata kitambaa chake cha kwanza. Watu walisema mzee ana mpangilio. Mpangilio gani! Mtu huyo alikuwa haoni.

Ilikuwa mwaka wa pili sasa. Mtoto wa jicho alianza la kushoto, akahamia la kulia, na ulimwengu ukawa kama unaangaliwa kupitia karatasi ya nailoni. Trei ile ilikuwa macho yake. Kidole kikigusa kishimo kitupu, risasi imekwenda; kidole gumba kikipita kwenye pengo la mdeki, bunduki iko salama. Watu aliwajua kwa sauti na kwa nyayo, na shabaha ikipigwa aliwasubiri wengine washangilie kwanza, ndipo aseme kwa dharau, "Bahati hiyo."

Aliyejua ni mkewe Wakio peke yake.

"Baba Mghoi, twende Voi wakutazame hayo macho," alimwambia kila wiki. "Wanatoa siku moja, unarudi nyumbani."

"Nikatazamwe na kale kadaktari kenye miwani? Kama kanajua dawa ya macho, si kangejitibu kwanza?"

Wakio alisonya, akaendelea kuchambua maharagwe. Alijua kinachomtia mumewe hofu si daktari. Klabu ilikuwa na sheria ya mstari mmoja ukutani, asiyeona vizuri hashiki bunduki, na aliyeiandika ni Obadiah mwenyewe. Tena alikuwa ameitumia. Mwalimu mstaafu mmoja, Nicholas, alipokosea kusoma namba ya shabaha, Obadiah alimnyang'anya bunduki mbele ya wageni na kumwambia nenda nyumbani ukachunge kuku, ukiweza kuwaona. Watu walicheka siku hiyo mpaka wakashika mbavu. Nicholas hakukanyaga tena pale. Obadiah aliwaza sana juu ya kicheko kile, siku hizi.

Basi akaja katibu mpya. Safaa alikuwa mwanamke wa familia ya Waswahili wa Voi, mwenye adabu zake, shikamoo yake haikukosekana, na simu yenye video ya kila kitu duniani. Alitazama sanduku la mbao, akatazama trei yenye madoa ya mafuta, akaona aibu kwa niaba ya klabu. Ijumaa moja Obadiah alipanda Wundanyi kwenye mazishi. Aliporudi Jumamosi asubuhi, wageni wa treni walikuwa njiani tayari kwa basi, na mezani palikuwa na sanduku jipya la plastiki.

"Shikamoo, Mzee. Nimekupangia vifaa vyako," Safaa akasema kwa furaha. "Nyekundu ni baruti, buluu ni gololi, kijani ni fataki. Na mdeki mpya wa shaba, una alama nyekundu, unaiona kwa mbali."

Obadiah alipitisha mkono juu ya plastiki. Vijisanduku vyote vilikuwa sawa, laini, vifuniko vya aina moja. Akaupapasa mdeki kutoka juu mpaka chini. Haukuwa na pengo popote.

"Trei yangu iko wapi?"

"Ile ya mayai? Nimeichoma pamoja na takataka. Na ule mti pia, ulikuwa umeliwa na mchwa."

Hapo ndipo angesema. Walikuwa wawili tu, na Safaa hakuwa mtu wa kumcheka. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea njia moja.

"Loh! Hongera. Umetuletea sanduku la rangi za kucha. Bado vipuli tu."

Basi la wageni likaingia.

Wageni wanne wa kwanza walikwenda salama. Obadiah alimfanya Safaa ampe kila kitu mkononi, akijidai kumtahini. "Nipe baruti. Sasa gololi. Umechelewa, kwani unaipika?" Watu walifurahi. Zubair naye akaja na mfuko wake wa unga, na Obadiah, aliyemjua kwa jinsi anavyoburuta viatu, akaacha kazi katikati ili amshughulikie.

"Karibu, mfanyabiashara! Leo umeleta na godoro?"

Wakacheka wote. Akaongeza ya pili, na ya tatu. Alipogeuka mezani, Safaa alikuwa ameitwa langoni, na gobori moja lilisimama kwenye kishikio chake. Je, yeye Obadiah alikuwa ameshalishindilia? Mkono ukaenda mahali trei ilipokuwa ikikaa kwa miaka kumi na minne, ukakuta plastiki. Mbele yake alisimama mgeni anayefuata, mwalimu wa kike aliyejitambulisha kwa jina Pauline, akiuliza ashike wapi.

Akatafuta baruti kwa kunusa, akaipata. Akashindilia. Akausukuma mdeki mpaka ukagota, akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa mtutu. Shaba tupu. Akakipitisha tena. Alama nyekundu ilikuwa hapo mahali fulani, ya kuonekana mbali, na yeye haoni hata mkono ulioshika mdeki.

Ilibaki fataki tu, apachike, amkabidhi mwalimu wa watu. Ingeweza kuwa sawa. Ingeweza. Kukaa kimya kulikuwa rahisi kabisa.

"Sioni alama," akasema.

Wakacheka. Ebo, wangefanya nini? Mzee alikuwa akiwachekesha tangu asubuhi. "Leo amewaka!" mmoja akasema. "Rangi za kucha hazionekani!"

"Sioni, nawaambia."

Wakazidi. Pauline mwenyewe alicheka, mikono imenyooshwa kupokea bunduki. Safaa, aliyekuwa akirudi kutoka langoni, naye alitabasamu kwa uchungu akijua ni yeye anayesemwa. Obadiah akageuza mdomo wa gobori kwenye tuta la udongo la kuzuia risasi, akaukumbatia mtutu kwa mikono yote miwili ili mtu asiuchukue.

"Jamani, si mzaha. Mimi ni kipofu. Macho yamekufa. Zubair! Uko wapi? Njoo uniangalizie."

Kicheko kilikatika huku na huku, si kwa pamoja. Viatu vikaburutwa mpaka mezani. Zubair akainama, akatazama mdeki kwa muda.

"Alama iko juu," akasema polepole. "Juu kabisa, vidole vinne. Wallahi, hii imeshindiliwa mara mbili."

Pauline akarudi nyuma hatua kadhaa, mkono mdomoni. Safaa akachukua filimbi ya uwanja shingoni mwa Obadiah, kwa upole, akaipuliza kufunga shughuli. Obadiah hakupinga; aliliachia gobori likalazwa mezani, mdomo ukielekea tutani. Alisimama akingoja. Alijua kinachofuata, maana yeye ndiye aliyewafundisha: kuku wa kuchunga, sanduku la macho ya plastiki, kipofu anayefunza shabaha. Zubair alikuwa na miaka ya dhihaka ya kulipiza, na watu wa kumsikiliza walikuwepo tele.

"Tangu lini?" Zubair akauliza.

"Mwaka juzi."

"Mama Mghoi anajua?"

"Anajua."

Zubair akamshika kiwiko, akamvusha uwanja mpaka kwenye gari. Obadiah alipapasa mlango akitafuta kishikio, akashika kioo cha pembeni, akashika bawaba. Watu wote walikuwa wakitazama. Zubair akasogeza mfuko wake wa unga kwenye kiti cha nyuma, akamfungulia mlango, akamwinamisha kichwa asijigonge.

"Hospitali ya macho hawafungi mpaka saa kumi," alisema akiwasha gari. "Tutawahi."

Hakusema kingine njia nzima. Obadiah alikaa amekumbatia magoti yake, akingoja lile neno la dhihaka mpaka Mwatate, mpaka Voi, na kila kilomita alijua kwamba angekuwa yeye kwenye usukani, angekuwa ameshalisema kabla hawajatoka getini.