Kitabu Nilichokificha Chini ya Rundo

Kwetu Tanga, ukikubali bei ya kwanza unaonekana huna akili au una pesa za wizi. Hicho ndicho kisingizio changu, nacho nimekitumia tangu serikali iliponipangia kufundisha Kasulu. Ukweli ni kwamba mimi ni mkono wa birika, na kupunguziwa bei kunanipa raha kuliko kitu chenyewe. Kila Jumamosi nilikuwa sokoni mbele ya turubai la muuza vitabu chakavu, nimechuchumaa kati ya viatu vya mitumba na madumu ya mawese, napekua.

Jirani yangu alilijua hilo. Ni mzee aliyeingia nchini kutoka Burundi akiwa kijana, sasa ni raia, analima maharage na kuongoza kwaya ya kanisa la mtaani kwetu. Mchwa walikuwa wamekila kitabu chake cha nyimbo za Kirundi, chapa ya zamani ambayo hakuna mwingine kanisani aliyekuwa nayo. Waimbaji wake walijua ubeti wa kwanza tu wa kila wimbo. Beti zilizobaki alikuwa akiwatajia yeye huku kitabu kikiwa mkononi. Na daktari alikuwa amemwambia wazi kuwa jicho moja limekwisha na la pili linafuata. Alitaka azikariri nyimbo zote, beti zote, kabla hajapofuka kabisa. Alinipa noti ya elfu kumi akasema kwa lafudhi yake ya Kirundi, "Mwarimu, ukikiona usikiache."

Jumamosi sita nilitoka mikono mitupu. Ya saba nikakiona.

Kilikuwa kidogo, jalada jeusi, kimekamilika kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwenye turubai, jamaa anayeleta mizigo yake kutoka Manyovu, mpakani na Burundi, akasema elfu nane.

Noti ya mzee ilikuwa mfukoni. Ningeitoa, nikarudi na chenji, yakaisha. Badala yake nikakunja uso. Nikamwambia mimi Mwislamu, Kirundi sikijui, labda nikakiweke chini ya mguu wa meza inayoyumba. Nikataja elfu tatu. Akacheka, akashuka hadi sita, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mtu aliyeshuka mbili asubuhi kwa kucheka, niliwaza, mchana akiwa na njaa atashuka nyingine tatu. Alipogeuka kumhudumia mteja, nikakichomeka kitabu chini kabisa ya rundo la vitabu vinene vya sheria, vya Kifaransa, vilivyokaa pembeni ya turubai na ambavyo sijawahi kumwona mtu akivigusa. Kisha nikaenda kuangalia vitenge, kwa mwendo wa mtu asiye na shida.

Niliporudi baada ya kama saa moja, rundo halikuwepo.

Nilimuuliza liko wapi. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba vya pembeni ni vya kilo: vikikaa miezi bila mnunuzi anawapimia wauza karanga, wapate karatasi za kufungia. Amevibeba mama mmoja wa stendi, sasa hivi tu. Nikamuuliza sasa hivi ndiyo saa ngapi. Hapo akaniangalia.

"Mwalimu, kwani unavitakia nini?"

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu nikiwa msichana, na wanafunzi wangu wawili walinipisha njia wakiwa wameduwaa. Yule mama alikuwa amekaa juu ya ndoo, beseni la karanga mbele yake, vitabu vya sheria miguuni. Kitabu cheusi kilikuwa mapajani. Alikuwa ameanza nacho kwa sababu karatasi yake ni nyembamba na inakunjika vizuri. Alichana, akakunja, akamimina, akapokea hela, akachana tena. Jalada lilikuwa chini kwenye vumbi. Mbele yake basi la Kibondo lilikuwa linanguruma, na karibu kila dirisha lilikuwa na mkono ulioshika wimbo.

"Mama, acha kuchana," nikasema, pumzi hazinitoshi.

Akachana ukurasa mmoja zaidi, kwa kuwa mteja alikuwa anasubiri. Kisha akanieleza kwa upole kwamba karatasi ni yake, ameinunua. Nikamtolea ile noti nzima. Akauliza akishaipokea hiyo noti, karanga za jioni atazifungia nini. Nikafungua mkoba nikamwonyesha riwaya tatu nilizozinunua asubuhi ile kwa bei ya kutupa, nilizokuwa nimepanga kuringia ofisini kwa walimu wenzangu. Akazipapasa kurasa kwa kidole gumba, akasema moja ni ngumu, nyingine ina picha. Mwishowe alichukua ile noti, riwaya zote tatu na elfu mbili juu. Nikalipa bila kuomba punguzo.

Nikaanza kupita dirisha hadi dirisha kuomba makaratasi. Wengi walinipa, wakinicheka. Mwanamume mmoja alisema nisubiri amalize, akaendelea kula punje moja moja huku akinitazama, na dereva akipiga honi. Basi lilipoanza kuondoka ndipo akanirushia karatasi yake. Nyingine zilikwenda Kibondo.

Nilibaki na chini ya nusu ya kitabu, kurasa nyingine zimelowa mafuta. Njia nzima nilijipangia namna ya kumwambia mzee ukweli. Nilimkuta amekaa mlangoni. Nikamwekea mkononi, na vidole vyake vikapita taratibu mahali jalada lilipokuwa.

"Nimekikuta kwa muuza karanga, baba," nikasema. "Anakichana."

Hakuna neno la uongo hapo, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

Alisogeza ukurasa kwenye jicho lake zima mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Alitafuta wimbo fulani kwa muda mrefu, asiseme ni upi. Kisha akafunga. "Murakoze, asante, mwarimu. Ungechelewa kidogo tusingepata hata hizi."

Jumapili iliyofuata aliniita kanisani. Nilikaa benchi la mwisho na ushungi wangu. Kwaya iliimba wimbo mmoja, beti zote nne. Halafu wakaimba mwingine. Wakamaliza ubeti wa kwanza, wakaurudia, wakaurudia tena, kwa kuwa beti zilizofuata hawakuwa nazo.

Mzee akageukia upande aliodhani nimekaa. Akawaambia watu, kwa Kirundi kisha kwa Kiswahili, kwamba mwalimu huyu si wa dini yetu, lakini ndiye aliyeziokoa nyimbo zetu, na anaomba asimame tumshukuru. Kanisa zima likapiga makofi.

Nikasimama.