Mkeka Mlangoni pa Babu Pil-su

Bae Sun-nam, binti wa Bae Jong-hak aliyevusha mbao za majina ya wahenga ng'ambo ya mto ndani ya tenga la samadi, siku zile za vita ambapo kila mtu mwingine aliokoa mchele kwanza; mjukuu wa Bae Gyu-seok aliyechapwa viboko na Wajapani kwa kukataa kubadili jina lake, akarudi nyumbani akaagiza wino ili aliandike upya; mke wa Gwak Tae-heon, mkuu wa kumi na tano wa nyumba kuu ya ukoo wa Gwak, kijiji cha Sangol. Mwenyewe alisoma darasa la sita basi. Lakini kwa miaka hamsini na minane alipika vyakula vya matambiko kumi na mawili kila mwaka bila kukosea nafasi ya sahani hata moja. Alizika wakwe, akazika mume, na mwaka wa mafuriko alifungua ghala la nyumba kuu akalisha kijiji wiki tatu nzima, waliokuwa wa ukoo na wasiokuwa. Kijijini hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Mama wa Nyumba Kuu, hata na waliomzidi umri.

Mwanamke huyo, akiwa na miaka sabini na tisa, alikosa kwa kidole kimoja.

Ilikuwa Jumatatu, wiki ya kuvuna mpunga. Simu yake ilitetemeka juu ya kabati la vyombo. Ni kundi la ujumbe la ukoo, lile alilolianzisha marehemu mumewe, na ambalo tangu mazishi yake lilisajiliwa kwa jina la Sun-nam. Aliyetuma ujumbe alikuwa Gwak Pil-su. Pil-su ana miaka sitini na mmoja tu, lakini ni mtoto wa mwisho wa mtoto wa mwisho, kizazi chake kimewatangulia wenzake wa rika kwa vizazi viwili, na kwa hesabu ya ukoo yeye ni babu wa nusu ya kijiji. Wazee wenye mvi humwinamia njiani wakimwita Babu, naye huwajibu kwa kukohoa.

Babu aliandika: "Wanaukoo, tahadharini. Mpishi wa chakula cha mchana cha wazee ukumbini anatia dawa ya usingizi kwenye supu, ili wazee walale yeye apumzike. Ushahidi huu hapa. Sambazeni." Chini yake palikuwa na video ya mwanamke aliyeipa kamera mgongo, akimimina unga mweupe kwenye sufuria.

Mpishi wa ukumbi alikuwa Thoa, mke wa Gwak Min-cheol, aliyeolewa kutoka Vietnam miaka kumi na mmoja iliyopita. Mikono yake Sun-nam aliijua. Yeye ndiye aliyemfundisha kuchemsha majani makavu ya figili kwa soya iliyochachuka, na baada ya miaka mitatu mwanafunzi akampita mwalimu. Tena jiko la kwenye video lilikuwa na dirisha kubwa kushoto, na jiko la ukumbi wa Sangol halina dirisha upande huo. Kuna ukuta. Sun-nam aliliona hilo dirisha.

Lakini watu thelathini na mmoja walikwisha kujibu, na wote walijibu neno moja: asante. Kumuuliza Babu amepata wapi habari ni kama kumuuliza baba yako alilala wapi. Kidole chake kikaandika: "Asante Babu kwa kutukinga."

Jumanne wazee watatu hawakuja kula. Jumatano sufuria ilirudi imejaa. Alhamisi mtu asiyejulikana aliimwaga supu mtaroni, akaipiga picha, na picha ikaingia kundini. Ujumbe wenyewe ulikuwa umeshavuka vilima. Mpwa wa Sun-nam aliye Busan alimpigia simu kuuliza kama bado yu hai.

Alhamisi hiyohiyo alasiri akaja afisa wa wilaya, msichana mwembamba aitwaye Seo Yun-ji, amekumbatia bahasha yenye fomu. Walikaa varandani.

"Bibi, sheria mpya ya habari za uongo imeanza kutumika," alisema. "Kundi ni lako, kwa hiyo sahihi ni yako. Ukitia alama kisanduku cha kwanza, tunaamuru ujumbe ufutwe kila ulipofika. Ukitia cha pili, aliyeutuma anashtakiwa."

"Na nisipotia?"

"Kesho saa kumi na moja jioni nafunga faili. Jiko lisilo na walaji nitalazimika kulifunga pia. Mimi sipendi, Bibi. Ndio utaratibu."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo huo nao una kisanduku?" Sun-nam akamletea viazi vitamu.

Ijumaa asubuhi wazee walikutana katika shule ya kale ya ukoo, walipozoea kusoma mafundisho ya Konfusio kama walivyoyafafanua wasomi waliojenga shule ile. Wanawake hawaketi ndani. Sun-nam aliketi kizingitini, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.

Mzee Hyeon-muk, mwalimu wa shule, miaka themanini na minne, alianza. "Mapatano ya kijiji hiki yana zaidi ya miaka mia nne. Mwenye kosa huonywa faraghani mara tatu. Akikaidi, huonywa mbele ya watu. Akizidi, jina lake huandikwa kitabuni. Serikali ni mlango wa mwisho. Tukianza na mlango wa mwisho, sisi kazi yetu ni ipi? Kula nyama ya tambiko?"

"Mwalimu," alisema Dong-u, aliyekuwa mpeleka barua maisha yake yote, "hayo yaliandikwa wakati uongo unatembea kwa miguu. Huu ulifika Busan mimi bado natafuta soksi."

"Na serikali inayofuta uongo leo, kesho itafuta nini? Wahenga wetu wawili walikuwa maafisa ambao kazi yao ilikuwa kumwambia mfalme amekosea. Walifia uhamishoni kisiwani. Nani aliwaita waongo? Serikali. Mtu hunyooka akijinyoosha mwenyewe, hasa pale anapokuwa peke yake na hakuna anayemwona. Sheria inamfundisha kuogopa tu."

"Sawa. Mtu ni Babu Pil-su. Nani anakwenda kumwonya faraghani? Wewe?"

Mwalimu alitazama mikono yake. "Mimi kwake ni mjukuu."

"Mimi kitukuu," alisema Dong-u. "Basi tumekwisha."

Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliobanwa. Sun-nam hakucheka.

"Serikali hamuitaki," alisema kutoka kizingitini, "na wenyewe hamthubutu. Sasa Thoa ana nani?"

Akavaa viatu vyake akashuka.

Kwa Thoa alikuta masanduku mawili yamefungwa kamba na la tatu liko wazi. Thoa alikuwa akikunja mablanketi, hakuinua macho.

"Lori linakuja kesho asubuhi, Mama mkubwa. Min-cheol amepata chumba Ulsan, karibu na kiwanda chake."

"Leo bado haijaisha."

"Kwangu iliisha Jumanne. Miaka kumi na mmoja nawajua nani hatafuni vizuri, nani daktari amemkataza chumvi. Nawaamkia kwa lafudhi ya hapahapa, mpaka watu wa mjini wananicheka naongea kama bibi wa shamba. Jana Mzee Dong-u ameniona akavuka barabara." Alibana blanketi kwa goti. "Mnaheshimu ngazi za ukoo sana. Hata mtu akianguka kutoka juu yake, mnamwinamia aliyemsukuma."

Maneno yalimwingia Sun-nam kama maji baridi kwenye kola. Fomu ilikuwa ndani ya mkono wa koti lake, na kalamu pia. Angeweza kuvitia alama visanduku vyote viwili papo hapo, akaenda zake kuanika pilipili. Babu angepelekwa mahakamani, ujumbe ungefutwa kwenye simu, na kila mzee wa Sangol angebaki anaamini Thoa anatia dawa, na sasa ana serikali nyuma yake.

Alirudi nyumbani akachukua mkeka wa majani ya mpunga. Zamani afisa aliyetaka kukiri kosa mbele ya mfalme alitandika mkeka kama huo nje ya lango la ikulu, akaketi mpaka aitwe. Sun-nam aliutandika nje ya lango la Pil-su saa nane mchana. Akafungua shungi lake, nywele nyeupe zikamwangukia mabegani, akapiga magoti.

Kijiji kizima kiliona. Wavunaji walisimamisha mashine. Mke wa Pil-su alichungulia, akafunga, akachungulia tena.

Mama wa Nyumba Kuu kukaa chini nje ya lango la mtu ni aibu ambayo mwenye lango hawezi kuiacha ilale. Na kutoka kumwinua ni kukiri kwamba kuna jambo. Saa nane na nusu simu ya Sun-nam ilitetemeka. Babu ameandika kundini: "Mwambieni Mama wa Nyumba Kuu arudi nyumbani, jua ni kali." Jumatatu alijibiwa na watu thelathini na mmoja kabla chai haijapoa. Safari hii hakujibu mtu.

Saa tisa. Saa tisa na nusu. Magoti yake yaliwaka moto, halafu yakafa ganzi, na ganzi ilimtisha kuliko moto. Chini njiani alimwona Seo Yun-ji ameegesha gari, anatazama saa, haji karibu.

Saa kumi kasoro kidogo lango lilifunguka.

"Unanidhalilisha, mjukuu."

"Sijakuja kwa kosa lako, Babu. Nimekuja kwa langu. Jumatatu niliona kwenye video dirisha ambalo jiko letu halina, nikakuandikia asante. Nilikuogopa nikakuacha upotee. Niadhibu."

Pil-su alitazama barabarani, akachuchumaa ili asionekane kutoka mashambani. "Ilitumwa na sajini wangu wa jeshini. Ungekuwa wewe ungemuuliza sajini wako?"

"Mimi sina sajini. Nina Thoa."

"Nitaufuta."

"Kufuta hata yule binti mwenye bahasha anaweza. Umeshaingia matumboni mwa watu. Nani atauondoa huko?"

Alitoa simu, akaandika kwa muda mrefu, akamwonyesha. Sun-nam aliisoma akiwa ameisogeza mbali na macho. "Ujumbe wa Jumatatu huenda haukuwa sahihi kabisa."

"Ondoa huenda."

"Mjukuu."

"Ondoa na kabisa."

"Unataka mtu wa kizazi changu aombe radhi watoto? Itakuwa mara ya kwanza katika ukoo huu."

"Ndiyo. Na waliokaa kimya wote wataona kwamba inawezekana." Akaitoa fomu kwenye mkono wa koti. "Babu, saa kumi na moja nitatia sahihi. Kisanduku cha kwanza lazima, kwa sababu huko ulikofika mkono wetu haufiki. Hicho ni kazi ya serikali na waifanye. Cha pili kimo mikononi mwako. Mimi siwezi kuinuka mwenyewe, kwa hiyo usiwe na haraka."

Hilo la mwisho halikuwa kitisho. Kweli hakuweza kuinuka.

Pil-su alikohoa kikohozi chake kile, kikamkwama. Akafuta, akaandika upya: "Niliyowaandikia Jumatatu ni uongo. Sikuuliza ulikotoka. Nimemkosea Thoa, mke wa Min-cheol." Akabaki anautazama, kidole juu ya kioo. Sun-nam alihesabu pumzi zake mwenyewe, akafika kumi na saba. Kidole kikashuka. Kisha Babu akashika mikono ya mjukuu wake aliyemzidi miaka kumi na minane, akamwinua, wakayumba wote wawili nusura waanguke langoni.

Sahihi aliitia juu ya boneti ya gari la Seo.

"Na kisanduku cha pili, Bibi?"

"Kiache wazi. Mapatano yetu yana maonyo matatu, hili lilikuwa la kwanza. Akirudia, utakuja tena na bahasha yako."

"Wakubwa wangu watauliza kwa nini."

"Waje waniulize mimi. Viazi vipo."

Alitembea taratibu hadi kwa Thoa, nywele bado ziko mabegani. Sanduku la tatu lilikuwa limefungwa. Thoa alikuwa amelikalia, simu mkononi. Ujumbe wa Babu ameshausoma.

"Nimemwambia Min-cheol lori lingoje mwezi mmoja," alisema. "Mwezi mmoja tu, Mama mkubwa. Nikiona sufuria zinarudi zimejaa, naondoka bila kuaga."

"Haki yako." Sun-nam aliketi juu ya sanduku lililokuwa kando. "Lakini kwa mwezi huo nina kazi ya kukupa, na si ya jikoni. Kundi la ukoo lichukue wewe. Mimi nimezeeka, nimewainamia watu mno, shingo imezoea. Mtu akituma habari, wewe umuulize ameipata wapi. Umuulize mbele ya wote. Akiwa mtoto, akiwa Babu, akiwa mwalimu wa shule. Asipojibu, iondoe."

"Mgeni kama mimi? Watakasirika."

"Watakasirika sana."

Thoa aliigeuzageuza simu kiganjani. Nje mashine ya kuvuna ilikuwa imeanza tena kunguruma.

"Basi naanza na wewe," alisema. "Jumatatu uliona dirisha. Mikono yangu unaijua. Kwa nini uliandika asante?"

Sun-nam alichukua simu yake, akabonyeza pale alipoelekezwa na mumewe zamani, akamkabidhi Thoa kundi zima.

"Usiniulize hapa chumbani," alisema. "Liandike swali hilo mle ndani, wote walisome. Nitakujibu hukohuko."