Sheha Hupatikana Laasiri

Karani wetu wa posta, katika mji huu wa mihogo na viazi vitamu, asubuhi hukaa dirishani. Baada ya laasiri huwa sheha, mkuu wa mtaa wetu, barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka hapo. Kichwa kile kile, miwani ile ile. Daftari la shehia analijua kwa ghibu: nani kazaliwa, nani kahamia Uroa kwenye mahoteli, nani wa kufutwa. Lakini dirishani hamjui mtu. Hulamba kidole, hufunua kitabu cha vifurushi, huuliza, "Nani mwenzangu?" Mimi mchuuzi, sibishani, huenda na barua ya sheha ya kunitambulisha mkononi.

Juzi Bi Riyama, mshona kofia, alifuata miwani aliyoletewa na mwanawe kutoka Maskati. Kofia ya bwana harusi imesimama nusu, nayo harusi ni Ijumaa. Akatoa barua ya ukaazi aliyoandikiwa jana yake barazani. Karani akaisoma mpaka chini, kama hajui nani kaiandika.

"Haina tarehe, Bi Riyama. Mrudie sheha."

"Sheha si wewe?"

"Sheha hupatikana laasiri."

Bi Riyama akapitisha mkono dirishani, akamvua miwani yake taratibu, akaivaa.

"Basi hii nnakwenda kushonea. Sheha akipatikana, mwambie aifuate kwangu. Na aje na barua ya karani, yenye tarehe."

Kabla hajashuka ngazi, kifurushi kilikuwa nje ya dirisha. Tarehe karani aliijaza mwenyewe, kwa kupapasa.